Zako Tia Maji

Saluni ya Endla Kuusik ina viti viwili,
kioo chenye ufa, na redio isiyozimwa.
Mjini kwao, kusini mwa Estonia, karibu na mpaka,
zamani wateja walikuwa sita kwa siku:
wakulima wa viazi, kasisi, na mwalimu mstaafu wa hesabu
aliyebakiwa na nywele za kuhesabika.

Kisha, kusini zaidi, jirani akanyolewa.
Akanyolewa kavu, mchana, mbele ya watu,
kwa wembe usiouliza kichwa kinataka mtindo gani.
Na huku, nchi kwa nchi,
kila mtu akakimbilia bomba.

Wafini, waliolea ukimya wao miongo na miongo
kama mtu aleavyo jeraha lililofunga,
waliamka wakaomba kiti mezani.
Waswidi wakavuta chao.
Serikali ikapandisha kodi; Endla akapandisha yuro moja,
akabandika karatasi mlangoni:
Samahani. Handaki halichimbwi kwa mate.

Katika shamba la Tarmo pamemwagwa zege.
Viazi mwaka huu vimelizunguka handaki
kama vifaranga,
na Tarmo, akiulizwa, husema tu: mavuno ni mavuno.

Sasa foleni inafika hadi duka la mikate.
Wanakuja na kombati zao, kila jeshi na kijani chake.
Namba mbili pembeni, namba nne juu:
hiyo ndiyo lugha waliyoafikiana.
Mengine bado, anasema sajini mmoja wa Kideni
huku povu likimtiririka shingoni:
redio ya huyu haisikii ya yule,
kifaru cha huyu kitavunja daraja la yule,
na reli zenyewe zina upana wa mfalme aliyekufa zamani.
Mkataba ulitiwa saini kwa kalamu moja.
Nati ni elfu.

Alhamisi aliingia Médard, wa kikosi cha Wafaransa,
mzaliwa wa Guadeloupe, nywele za kipilipili.
Endla akasimama na mashine mkononi
kama aliyekabidhiwa funguo za nyumba asiyoijua.
Miaka thelathini na mmoja kazini, hajawahi.
Médard akacheka. Akashika kioo kidogo,
akamwelekeza: hapa fuata mzunguko,
hapa usivute,
hapa, nyuma ya sikio, polepole.
Ilichukua saa nzima. Foleni ikasubiri.
Hakuna jenerali aliyeandika ripoti.

Kiti cha pili ni cha Zoryana.
Yeye katoka huko wembe ulikopita.
Haongei sana; vichwa anavijua kwa kugusa,
na mara nyingine mkono wake hukawia
kwenye kisogo cha kijana wa watu
mpaka kijana ainue macho kwenye kioo.
Jioni moja Endla, akitaka kufariji,
alisema: angalau ninyi mmetuamsha.
Zoryana aliendelea kufagia.
Akafika pembeni, akarudi.
"Kaka yangu," alisema, "hakuwa kengele."

Redio ikatangaza mazoezi ya ving'ora, kesho saa tisa,
wananchi wasishtuke.
Endla hakujibu. Nini angejibu?
Alichukua kizoleo, akapiga magoti,
akakishika wima mbele ya ufagio.

Nyeusi, za shaba, za rangi ya majani makavu,
mvi za mwalimu wa hesabu katikati:
zote hutiwa gunia moja.
Kila Jumamosi Tarmo huja kulichukua.
Huzifunga nywele katika vitambaa,
akavitundika kwenye miti kuzunguka viazi na handaki,
ili nguruwe mwitu, watokao msitu wa ng'ambo usiku,
wanuse watu wengi wamesimama pamoja.

Inafaa, anasema Tarmo.
Husimama, hunusa, hugeuka.

Mpaka mvua inyeshe.
Ikinyesha, huja tena saluni na gunia tupu.